Ng'ombe Mwekundu wa Mkebe

Vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili vilimtoa Jotham na mkewe Nakhungu shambani mlimani Elgon, wakaishia chumba cha kupanga Kitale. Ng'ombe wao sita wakaenda na waliowaiba.

Akili ya Nakhungu ikaanza kupotea. Kila jioni alimuuliza mumewe, "Baba Nasimiyu, umefunga ng'ombe?"

Jotham akaokota mikebe jalalani, akaikata na kuikunja, akamtengenezea ng'ombe, kila mmoja na rangi yake.

Nakhungu akawahesabu. "Watano tu. Si yule mwekundu bado ako nje?"

Kutafuta mkebe mwekundu kulimtembeza Jotham hadi mji wa Kachibora. Aliporudi nao, majirani walikuwa wameshamfunika Nakhungu shuka hadi usoni.

Jotham akaketi, akaukunja mkebe kuwa ng'ombe, akamkatia pembe taratibu, akamfunga kwa uzi kitandani. "Amerudi, Mama Nasimiyu. Wote wako ndani."