Chujio na Wifi Yake

Ting!

Sauti ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa kikombe. Mpaka leo mtu akikoroga chai karibu naye, Chujio hugeuka kutazama skrini.

Jina hilo alipewa kazini. Ofisi yao ilitengeneza programu ya seva, ile inayokaa mlangoni mwa tovuti: mtu akiomba ukurasa, seva ndiyo inayomtolea. Kliniki, shule na maduka ya vitabu yaliitumia. Kazi ya Chujio ilikuwa kuhakikisha kwamba anachoandika mgeni kinabaki maneno tu. Maana wako watu ambao ukurasa ukiwauliza jina, hawaandiki jina. Huandika amri, wakaifunga katikati ya zile alama mbili zenye ncha kama mikuki. Ukurasa mzembe ukiirudisha amri ile kama ilivyo, kompyuta ya msomaji hudhani imetoka kwa mwenye nyumba, ikatii, na siri za msomaji zikaondoka na mwizi. Chujio aliyavunja maneno ya wageni ncha kabla hayajapita. "Chuja," aliwaambia wenzake asubuhi na jioni, "chuja," mpaka likawa jina lake.

Ni kazi isiyo na makofi. Ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea, na nani atampongeza mtu kwa sababu hakuna kilichotokea?

Kisha akaja wifi yake.

Alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa mama mkwe, naye aliajiriwa kutengeneza kurasa. Siku ya kwanza mhasibu alichungulia mlangoni, simu mkononi. "Jamani, wifi iko wapi? Mbona simu haishiki mtandao?"

"Wifi ipo," akajibu fundi wa mitambo. "Imekwenda kunywa chai."

Ofisi nzima ilicheka, na mwenyewe akacheka kuliko wote. Tangu hapo utani haukukatika: leo wifi ina nguvu, leo wifi imekata, wifi gani hii haina nywila. Chujio alikuwa pale tangu ofisi haijapata hata kiyoyozi, na utani wake peke yake ulikuwa kuitwa chombo cha jikoni.

Wifi akatengeneza ukurasa wa salamu kwa ajili ya kliniki. Ndugu aliye mbali aliandika salamu zake, na mgonjwa akifungua simu, maneno yalijikunjua polepole kama kiganja kinachopunga. Mama mkwe aliwaonyesha majirani wote. "Kazi ya mwanangu hii."

"Na mkwe wako si yuko hukohuko?" jirani mmoja aliuliza.

"Huyu? Huyu anakaa na mashine."

Chujio alikuwa jikoni. Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Wivu wake haukuwa wa kelele. Ulikuwa kokoto ndani ya kiatu: anatembea, anasalimia watu, anacheka wanapocheka, nayo ipo. Wifi, wivu. Alishangaa maneno hayo yanavyokaa jirani mdomoni.

Wakati huo kiti cha mkuu wa kitengo cha ulinzi kilikuwa wazi, na jina lingetajwa kwenye kikao cha Ijumaa. Chujio alikuwa akikitazama kiti kile kama mtu anavyotazama nguo yake kwenye kamba, akijua jua likizama ataianua. Ndipo mhasibu akamnong'oneza, "Nasikia atapewa wifi yako. Eti anajua kuongea na wateja."

"Kuongea kunaziba tundu gani?" akajibu Chujio.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, akaufungua ukurasa wa salamu kuutafutia aibu. Aliandika amri isiyo na madhara, ya kufungua kidirisha kidogo chenye neno moja. Wanaojaribu hivi huandika neno lolote linalowajia. Yeye lilimjia hili: Nimekukamata.

Akaliweka penye jina, penye salamu, penye jina la wodi. Kila mara ukurasa ulimrudishia maneno yake yakiwa yamelala kimya, hayana ncha. Wifi alikuwa amechuja, kila mahali, bila kusahau hata kona moja. Na aliyemfundisha ni Chujio mwenyewe. Hilo lingemfurahisha siku nyingine. Siku ile lilimchoma zaidi.

Kwa hasira akaibandika amri mahali pasipo pake, juu kabisa, kwenye anwani ya tovuti. Ukurasa wa namna hiyo haukuwepo, kwa hiyo seva ikajibu kwa ukurasa wake wa kosa, ule ambao Chujio aliuandika alipokuwa mgeni kazini, kwa adabu zote: samahani, ukurasa ulioomba haupo. Na kwa adabu hiyohiyo ulirudia kile kilichoombwa, neno kwa neno, ncha kwa ncha.

Ting!

Kidirisha kikasimama katikati ya skrini. Nimekukamata.

"Nani huyo amekamatwa, wifi?"

Wifi yake alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya chai. Chujio akakifunga kidirisha haraka. "Hakuna. Nafanya majaribio tu."

"Haya. Chai yako hii, sukari kidogo. Najua."

Alipoondoka, Chujio alikaa na mikono mapajani. Mstari mmoja tu ungeliziba tundu lile. Angeuandika sasa hivi, asijue mtu, na kesho akakalia kiti chake. Lakini kliniki na shule zilikuwa na nakala zao kwenye mashine zao, na wasingezibadilisha bila kuambiwa kwa nini. Akamfikiria mama anayeuguza, anatumiwa kiungo chenye jina la kliniki anayoiamini na amri ya mwizi mkiani, anakibonyeza. Kuwaambia ni kusema tundu ni la nani.

Chai ikapoa bila kuguswa.

Ijumaa mkuu wa ofisi akasema, "Kabla sijafika kwenye kile kiti, kuna mwenye neno?"

Chujio akasimama. "Kuna tundu kwenye seva yetu. Ukurasa wa kosa unarudisha anwani bila kuichuja."

"Nani aliuandika?" fundi akauliza.

"Mimi."

Mhasibu akapiga meza. "Ala! Chujio limetoboka!"

"Chujio lisilo na matundu si bakuli hilo, bwana?" akasema wifi. "Muhimu mwenyewe ajue yako wapi."

Chumba kizima kikacheka, hewa ikarudi. Chujio naye akatabasamu, na kokoto ikamchoma upya: hata kumtetea, amemtetea kwa uzuri.

"Ulilionaje?" mkuu akauliza.

"Nilikuwa natafuta lingine."

Wifi akatazama meza. Basi alikuwa anajua ni ukurasa wa nani uliokuwa ukitafutiwa tundu.

Siku nzima walifanya kazi bega kwa bega. Chujio aliziba, akajaribu, akajaribu tena. Wifi alishika simu. "Mwalimu, seva yako ilikuwa kama karani anayesoma kwa sauti kila karatasi anayopewa na mpita njia. Sasa tumemfundisha. Wekeni nakala mpya leo, tafadhali." Chujio alisikia, na akajua kwamba yeye angemweleza mwalimu yule mpaka simu iishe chaji, asielewe.

Jioni mkuu akataja jina. Kiti kilikwenda kwa wifi.

Kiti chenyewe walikihamisha pamoja mpaka kwenye meza ya wifi, huyu ameshika mgongo, yule miguu, maana gurudumu moja lilikuwa bovu. Walipokitua, wifi hakukikalia. Alisimama nyuma yake, akipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Umenikasirikia, wifi?"

Nje mtu alikuwa anakoroga chai. Chujio aligeuka kidogo, halafu akarudisha macho. Akaunyoosha waya wa kompyuta uliokuwa umenyooka tayari.

"Sijakasirika," akasema, kwa sauti ambayo wifi ilibidi ainame kuisikia. "Nakuonea wivu."