Kitabu cha Mzee Ondiek

Watu wa Kisumu tuna adabu kubwa mno kwa marehemu. Tunapomsindikiza mtu tunamsifu, na tunapomsifu hatuulizani maswali. Mlevi anakuwa mcheshi, aliyekula pesa za chama anakuwa mtu wa watu, na mume aliyempiga mkewe mpaka akahama anakuwa baba mwenye msimamo. Nimekaa kwenye viti vya plastiki vya matanga miaka yote ya utu uzima wangu, nimesikia uongo ukisomwa kwa kipaza sauti na wachungaji wakiitikia amina. Naandika habari za Debra Nasipwondi kwa sababu yeye, mbele ya kanisa lililojaa, alikataa kuitikia. Tulivyomtendea baada ya hapo ni aibu, na sijaona mtu yeyote akiionea haya.

Nasipwondi ni mhariri. Alizaliwa upande wa Webuye, akaja Kisumu alipotoka chuoni na kuajiriwa na kampuni ndogo iliyochapisha vitabu vya nyimbo za kanisa na vya kujiandaa kwa mitihani. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine: kwenye hadithi za watu wanaosafiri kati ya nyota, za mashine zinazofikiri, za miji iliyojengwa chini ya maji, za mazimwi na falme zisizo kwenye ramani yoyote. Kampuni ilipofungwa alinunua mashine yao kuukuu ya kurudufu, akaanzisha jarida la hadithi za namna hiyo. Alilitoa kwa karibu miaka ishirini. Jumapili baada ya ibada ungemkuta soko la Kibuye, kati ya muuza viatu vya mtumba na muuza sufuria, amelipanga juu ya gunia.

Niseme wazi kwamba mimi hadithi hizo sizipendi. Nilimsaidia kusoma nakala za mwisho kabla ya kuchapwa, na sikumbuki kumaliza hadithi ya zimwi bila kutazama saa. Lakini niliona anavyofanya kazi, na kazi ya namna ile ni nadra mjini kwetu. Waandishi wake walikuwa wauguzi, wanafunzi, waendesha bodaboda. Hakumcheka hata mmoja, na hakumwachia hata mmoja apite kwa ulegevu. Swali lake kwa kila ulimwengu uliobuniwa lilikuwa lile lile: huko nani anapika, na vyombo vinaoshwa kwa maji ya wapi? Kijana mmoja wa bodaboda alilalamika kwamba shujaa wake ni mfalme wa sayari nzima, hana shughuli na vyombo.

"Basi mwandikie mke wake sura moja," Nasipwondi akamwambia, "uone kama huyo mfalme atamaliza wiki."

Kijana akaiandika sura ile. Ndiyo sura pekee ya hadithi yake ninayoikumbuka.

Kazi ya pili, aliyoifanya kimya kimya, ilikuwa bibliografia, yaani orodha kamili ya kila hadithi ya namna hiyo iliyowahi kuchapwa na mtu wa upande huu wa ziwa: nani aliiandika, nani aliichapa, mwaka gani, kurasa ngapi. Alikuwa na sheria moja. Hakuingiza kitu ambacho hakukishika kwa mikono yake mwenyewe. Ukimwambia kuna riwaya fulani, atakuuliza iko wapi, na kesho yake atapanda gari kuifuata. Alikwenda Ahero baada ya mafuriko kutazama kitabu cha mwalimu mmoja, akakikuta kimegandana kwa tope kama tofali, akakaa nacho kwenye baraza ya watu akibandua ukurasa mmoja mmoja mpaka akauona mwaka wa kuchapwa.

Katika orodha yake, wa kwanza kabisa alikuwa mwanamke. Rosa Obonyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akiwa bado mwanafunzi wa ualimu, mwaka 1981, aliandika hadithi katika jarida la chuo chao kuhusu wanawake wanaobeba maji ya ziwa kwenye vyungu mpaka mwezini, ili waanzishe ziwa lingine ambako hakuna mwanamume atakayewatoza ushuru wa ufuo. Jarida lile Nasipwondi alilipata katika stoo ya kanisa, chini ya mavi ya popo. Mama Rosa sasa amestaafu na anaanika omena, dagaa wa ziwani, huko Usenge. Alipoonyeshwa hadithi yake baada ya miaka yote hiyo, aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akauliza kwa nini waliikata aya ya mwisho.

Sasa nifike kwenye lililonikasirisha.

Mzee Robinson Ondiek alikuwa ofisa wa elimu, mtu mkubwa, msemaji mzuri kuliko wengi niliowasikia. Alipofariki, kijitabu cha mazishi kilichogawiwa waombolezaji kilisema kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza katika eneo letu kuandika riwaya ya safari za anga, mwaka 1976, nayo iliitwa Gari la Zohali. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Miezi michache baadaye mwanawe Frankline, mkandarasi wa barabara, alikwenda nyumbani kwa Nasipwondi na zawadi. Familia ingelipia uchapishaji wa bibliografia yote, jalada gumu, karatasi nzuri, na nakala zingepelekwa maktaba na vyuo. Ingezinduliwa katika ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja baada ya kifo. Ila Gari la Zohali liwe la kwanza katika orodha.

Nasipwondi alifurahi, na aliniambia hivyo bila kuficha. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kwenye makabrasha chini ya kitanda. Akaomba aonyeshwe kitabu.

Frankline akasema nakala zilipotea katika kuhamahama. Nasipwondi akasema nakala moja itatosha, hata iliyochanika. Akaambiwa hakuna, lakini watu wengi walikisoma, awaulize.

Akawauliza. Hili ndilo wanaomtukana hawalisemi: alikitafuta kitabu kile kwa bidii kuliko mwana wa marehemu. Mzee mmoja wa Ahero aliapa alikisoma shuleni na jalada lilikuwa jekundu. Mwingine akasema la kijani, kisha akakiri kwamba alisimuliwa na kaka yake. Kaka naye alisimuliwa na mtu. Mwisho akafika kwa Mzee Ogola, aliyefundisha na Ondiek walipokuwa vijana. Mzee Ogola alimwagiza mkewe alete chai, ndipo akasema.

"Robinson alitusimulia. Kila tukikutana, gari lile lilikuwa limefika mbali zaidi. Tukamwambia, bwana, andika. Akasema ataandika akistaafu." Akatikisa kichwa. "Alikuwa anasimulia vizuri sana, Mama. Hata mimi nikifumba macho, naona kama nilikisoma."

Mtu mwenye haki angeridhika hapo, na Nasipwondi alikuwa tayari kumpa marehemu haki yake. Alimwandikia Frankline kwamba ataweka katika utangulizi maelezo marefu kuhusu Mzee Ondiek, msimulizi ambaye hadithi yake ya mdomo ilikaa vichwani mwa watu miaka karibu hamsini. Hiyo ni heshima ambayo waandishi wengi hawaipati. Frankline akampigia simu, akauliza kama anataka kumfanya baba yake mpiga domo, kisha akakata.

Kikaitwa kikao cha chama cha waandishi. Mwenyekiti alikuwa Joram Ooko, ambaye hadithi yake ya kwanza ilichapwa na Nasipwondi baada ya kuandikwa upya mara sita. Nilikuwepo. Niliwasikia watu wazima, wengine wao walimu, wakimsihi mwanamke aandike jambo ambalo wote walijua si kweli.

"Dada Debra, ni mstari mmoja," Joram akasema. "Mstari mmoja, na sisi sote tunaingia maktaba."

"Na Mama Rosa?"

"Mama Rosa anauza omena. Hatajua."

"Alikufundisha darasa la tatu, Joram. Wewe mwenyewe uliniambia."

Joram akachezea simu yake. Sauti ikatoka nyuma, ya mtu ambaye sitamtaja kwa sababu ana watoto shuleni: huyu ni jamwa, mgeni kutoka kwao huko, historia ya hapa inamhusu nini? Watu wakacheka. Mwanamke ameishi Kisumu miaka mingi kuliko nusu ya waliokuwemo, amelipa kodi ya nyumba hapa, amezika mume hapa, na siku anapokataa kudanganya ndipo tunakumbuka alikozaliwa.

Nasipwondi akasema, "Mgeni ndiye amesoma vitabu vyenu vyote. Nitajieni vitatu." Kicheko kikaisha. Akachukua mkoba wake akaenda.

Nilidhani yameishia hapo. Sikuwa nimekadiria mtu anaweza kushuka kiasi gani. Joram ndiye aliyekuwa akipanga kurasa za bibliografia kwenye kompyuta yake. Alikuwa nayo yote, tangu herufi ya kwanza. Akampa Frankline.

Siku ya ibada ya kumbukumbu kanisa lilijaa mpaka nje kwenye mahema. Mama Rosa alikuwepo, viti vya nyuma, amevaa sare yake ya umoja wa akina mama. Alikuja kwa sababu Mzee Ondiek aliwahi kuwa mkubwa wake kazini na alimheshimu. Nasipwondi alikuja kwa sababu aliambiwa familia imekubali maneno yake kuhusu usimulizi. Ndivyo Joram alivyomwambia, kwa mdomo wake.

Frankline akamwita mbele. Akainua kitabu kizito cha buluu chenye picha ya baba yake ndani na jina la Debra Nasipwondi juu ya jalada, akasema dada yetu amefanya utafiti wa miaka mingi na amethibitisha. Makofi yakapigwa. Akamkabidhi kitabu na kipaza sauti, asome ingizo la kwanza.

Alifungua. Akatazama ukurasa ule mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kitabu hiki kina jina langu. Ingizo la kwanza sikuliandika mimi. Gari la Zohali sijaliona, na hakuna mtu humu ndani aliyeliona. Mzee Ondiek alikuwa msimulizi mkubwa, Mungu amrehemu. Aliyeandika kwanza ni Mwalimu Rosa Obonyo, na amekaa pale nyuma."

Kipaza sauti kikazimwa. Mtu akawapungia kwaya mkono, nao wakaanza kuimba katikati ya sentensi yake inayofuata. Mama Rosa akasimama. Mwanamke wa umri ule, peke yake, watu wamegeuka wanamtazama kama aliyevunja sahani. Frankline akashuka mpaka kwenye ujia.

"Mama, kaa chini. Hii ni siku ya baba yangu."

"Baba yako nimemheshimu, ndiyo maana nimekuja," Mama Rosa akasema. "Lakini yangu ilichapwa."

Akakaa alipotaka kukaa. Kwaya wakarudia ubeti.

Baada ya ibada mchungaji hakumwita Frankline. Hakumwita Joram aliyeiba kazi ya mtu na kumdanganya mchana kweupe. Alimwita Nasipwondi, akamtaka aombe radhi kwa familia kwa kuvuruga ibada. Alipokataa, akaondolewa kwenye zamu ya kusoma masomo ya Jumapili. Shule mbili zilizokuwa zikimpa majarida yao ahariri zikanyamaza. Wakatokea waumini wa kusema kwamba vitabu vya mazimwi vimemwingia. Nawauliza hao hao: zimwi lililo ndani ya kitabu limemdhuru nani mjini Kisumu? Mimi siwaogopi mazimwi. Nawaogopa watu wanaoweza kusema uongo chini ya msalaba, wakala pilau, wakarudi nyumbani wakalala usingizi.

Alidai jina lake liondolewe. Familia ikawalipa vijana wabandike kipande cha karatasi ya buluu juu yake, nakala baada ya nakala. Kwa hiyo leo kitabu kipo katika maktaba, hakina mtunzi, na ingizo la kwanza ni kitabu kisichokuwepo. Mwanafunzi atakinukuu. Mwalimu atampa alama.

Nasipwondi ameanza upya. Anaipiga chapa orodha yake mwenyewe na kuirudufu, karatasi za kawaida zilizobanwa kwa pini, na anampa bure yeyote anayetaka. Mwezi uliopita nilimsindikiza Usenge kumpelekea Mama Rosa ukurasa wa kwanza. Tulimkuta ufuoni akigeuza omena juu ya wavu, akafuta mikono kwenye kanga, akausoma. Jina lake lilikuwa juu kabisa, na mwaka, na kurasa.

"Sasa umeniweka mahali pangu, nyathina," akasema, yaani mwanangu. Alikuwa amefurahi kweli. "Hakuna wa kunitoa."

Ningenyamaza mimi. Nadhani mtu yeyote angenyamaza.

"Bado natafuta, Mama," Nasipwondi akamwambia. "Nimesikia kuna kitu kilichapwa na misheni kule Maseno kabla ya mwaka wako. Nikikiona, utakuwa wa pili."

Mama Rosa alimtazama, uso ukabadilika, akaurudisha ukurasa mkononi mwa Nasipwondi na kuinamia omena zake. Aligeuza upande mzima wa wavu bila kutuangalia. Ndipo akanyoosha mgongo.

"Basi katafute," akasema. "Na ukikipata, uje uniambie wewe mwenyewe. Usimtume Joram."