Sista Damari, aliyeshika mapigo ya watu

Ndugu zangu, nimeandika na kufuta mara nne. Sista Damari ametutoka Jumatano, na kidole changu bado kinatafuta namba yake nimpigie.

Wengi humu mlimjua kama bibi wa Mikumi mwenye kicheko kikubwa. Mimi nilimjua enzi za Ujamaa, kule Ulaya (ya Kilosa jamani, si ya wazungu). Kijiji kipya, zahanati ya nyasi. Yeye nesi kutoka milima ya Vidunda, mimi dresa, kazi yangu kufunga vidonda.

Alifika kwa baiskeli, amepakia jiko la mafuta ya taa na kuku mmoja. Kuku ndiye aliyetangulia kushuka, tena kwa kelele!

Siku moja ya shamba la kijiji, mwenyekiti wetu alikuja ameshika kifua, anataka cheti cha kupumzika. Damari akamshika mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo.

"Shikamoo Mwenyekiti. Moyo wako unapiga vizuri kuliko wa Dresa. Jembe lile pale."

Tulicheka hadi mwenyekiti mwenyewe akacheka. Na akaenda kulima!

Mimi alinifundisha hivi: "Dresa, usihesabu tu. Sikiliza yanavyokwenda. Yakirukaruka, kuna jambo."

Tukastaafu, akahamia Mikumi. Presha ikamla figo taratibu, mpaka ikabidi aende Morogoro kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilikuwa namsindikiza. Basi likipita mbugani aliwapungia tembo: "Jamani, nawahi shifti!"

Nikajifanya mwema, nikampelekea mkungu wa ndizi mbivu. Mama yangu, nilivyogombezwa!

"Dresa mzima wewe! Figo zangu haziwezi tena kutoa potasiamu ya kwenye ndizi. Ikijaa kwenye damu moyo unapoteza mwendo, hata kusimama unasimama. Unataka kunizika kwa ndizi?"

Zile ndizi nilikula mwenyewe, pale pale barazani kwake.

Masika yaliyopita tulimkuta kliniki mzee mmoja, mfugaji wa upande wa Kimamba. Barabara ilijaa maji, akakosa kusafishwa mara mbili. Alikuwa akilalamika kwamba miguu imekuwa mizito. Damari akamshika mkono, akaacha kutabasamu.

"Mwanangu," akamwambia nesi wa zamu, "mpime ECG huyu, tuone moyo wake unavyokwenda."

"Shikamoo bibi. Subirini kidogo, zamu yake bado."

"Marahaba. Mimi nitasubiri. Moyo wake hausubiri."

Binti alimtazama, kisha akatoka mbio. Karatasi ilipotoka, daktari naye akaja mbio. Mzee akachomwa sindano ya kulinda moyo, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu iliyokuwa zamu ya Damari. Sista wangu akakaa kwenye benchi hadi jioni, akimtania kila anayepita.

Wiki iliyofuata mzee alimletea kibuyu cha maziwa. Damari alicheka hadi machozi. "Baba, na haya wamenikataza! Hata wewe usiyaguse. Mpe Dresa."

Nilimaliza kibuyu.

Jumatano nilimkuta ameshavaa viatu, tayari kwa safari. Akanyoosha mkono. "Hebu shika, Dresa."

Nikashika. "Yanaruka, Sista. Yanaruka sana."

"Afadhali hukunificha."

Gari tulilipata haraka, lakini moyo wake ulisimama kabla hatujafika hospitali. Nilikuwa bado nimemshika mkono, kwa hiyo nilijua kabla ya dereva. Nililia kama mtoto.

Mlio na mgonjwa wa figo nyumbani, asikose kliniki. Na akisema moyo unarukaruka au mwili umelegea, msimwambie asubiri kesho. Mpelekeni.

Sista, yule mzee ana kliniki Jumatatu na hana wa kumsindikiza. Nimeshamwambia tutakwenda wote. Kwa hiyo wewe usiwe na haraka tena.

Lala, mwenzangu. Lala vizuri.