Hitma ya Mpagazi Mmanga

Miaka ishirini na mbili Msabah Jaku anatembeza wageni Mji Mkongwe, na Kijerumani kakisoma kwa jambo moja: habari za Mmanga, babu wa mamake. Mmanga alichukuliwa hapa hapa Unguja kubeba mizigo ya ofisa mmoja wa Prusia, askari wa farasi, aliyeikata bara kwa msafara kisha akarudi kuwa gavana wa Wajerumani huko huko bara. Mmanga hakurudi. Wala habari ya kifo haikuletwa, basi mkewe hakukaa eda, matanga hayakuwekwa, na kila Shaaban marehemu wa ukoo wakisomewa hitma, jina lake linarukwa. Utamsomeaje mtu hukuambiwa kafa? Zaidi ya miaka mia, jamani, na watu bado wanaogopa kumzika.

Mamake, Bi Thuwaiba, yuko kitandani Mbweni, hali mbaya, na analolilia ni hilo tu: asife babu yake hajasomewa.

Mwaka huu kaja mwanamke wa Kijerumani, kitukuu wa gavana, na kitabu cha safari alichoandika mzee wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msabah alimtembeza kutwa bila ujira, akamsifia mzee wake: luteni hodari, msafiri, gavana. Vijiji alivyovichoma mzee huyo, Msabah akavimeza. Mwisho wakakaa barazani, akakiomba kitabu.

Farasi wa bwana mkubwa, aliyekufa kwa kuumwa na mbung'o, kapewa kurasa mbili: jina lake, jina la mamake, alivyoliliwa, alivyozikwa penye kivuli na kupangiwa mawe. Wapagazi wamepata mstari mmoja. Wamekufa kumi na wanne, basi. Lahaula! Hata kuku wa uani hujulikana kwa rangi zao. Msabah akakifunga kitabu, akamrudishia mwenyewe, akaaga.

Mamake alikuwa macho, anamngoja.

"Wamemwandika?"

"Wamemwandika, mama. Kafa njiani kwa homa. Wamemlilia, wakamzika penye kivuli, wakampangia mawe."

Bi Thuwaiba akalia kwa furaha. Siku ya pili walimu wakaitwa, ubani ukachomwa, jina la Mmanga likatajwa kwa mara ya kwanza. Dua ilipokaribia kwisha, bikizee akainua mikono yake myembamba, akasema wasimsahau na yule Mzungu aliyemsitiri babu yake.

"Mola amlipe kheri," akaomba.

Nyumba nzima ikaitikia amin. Msabah alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, na mamake anamtazama mdomo. Akaitikia.