Kona, mvushaji anayefuata barabara iliyozama

Jua bado jekundu. Kona amesimama nyuma ya mtumbwi wake, kasia mkononi, na abiria watano mbele yake. Kote ni maji matupu, lakini haendi moja kwa moja. Anakwenda kidogo, anakata kushoto, anakwenda tena, anakata kulia.

"Kaka, kona za nini na barabara haipo?" muuza nyanya anamuuliza, beseni lake likiwa mapajani.

"Barabara ipo, dada. Wewe tu huioni."

Ipo kweli, chini ya maji. Kona alisukuma mkokoteni juu yake kwa miaka mingi, akibeba mkaa na makochi ya watu wanaohama. Kisha mvua zikazidi milimani, mito ikamwaga yote ziwani, na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, tena mwembamba. Maji yakala bustani, yakafika vyooni, yakaingia majumbani bila hodi.

"Tulidhani ni mgeni," anasema Kona. "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu yuko mwaka wa nne, na jembe katunyang'anya sisi."

Majirani wakahamia kilimani, ng'ambo ya ghuba mpya, ila soko na zahanati vikabaki huku. Kona akauza mkokoteni, akanunua mtumbwi. Tangu hapo wanamtania, na utani wenyewe una miiba: "Kufa kufaana, bwana! Sisi tumezama, wewe umeelea." Yeye hucheka nao, ingawa nyumba yake ilizama kabla ya zao.

Wengi hudhani anafuata barabara ili kukwepa kuta zilizozama. Hiyo ni nusu ya habari. Mama yake alizikwa nyuma ya nyumba, mwaka mmoja kabla ya maji kupanda, na njia ya mkato inapita juu ya kaburi lake.

"Mtu akilala humruki," anasema. "Mama alipokuwa anaumwa, hata mkeka wake tuliuzunguka. Leo nimruke kwa sababu yuko chini zaidi?"

Sasa tajiri mmoja kaleta boti ya injini. Nauli ni ile ile, na inafika ng'ambo Kona akiwa bado kwenye kona ya pili. Juzi aliondoka na abiria mmoja tu, bibi anayeogopa kelele. Boti ikampita, mawimbi yakamlowesha bibi wa watu, na waliomo wakapunga mikono. Mimi niliyekuwa nikitazama ufukweni niliwachukia, ingawa asubuhi hiyo nami nilikuwa nimepanda boti hiyo hiyo.

Tajiri amemtaka Kona awe nahodha wake, kwa mshahara wa mwezi. Kona aliomba jambo moja: boti izunguke pale.

"Mafuta utanunua wewe?" tajiri alimjibu. "Ziwa halina makaburi."

Mke wa Kona, anayefua nguo za watu na mikono imemchubuka, hakumficha. "Baba watoto, mwanao wa pili karudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Mama angekuwepo angekwambia uwalishe wajukuu wake."

"Angeniambia," Kona akajibu. "Ndiyo maana inaniuma."

Ataanza kazi Jumatatu. Mtumbwi umeshapata mnunuzi. Anatumaini kwamba siku moja maji yatashuka japo msimu mmoja, amhamishie mama yake kilimani. Lakini anajua ziwa halimsikilizi mtu, hivyo ana mpango mwingine.

"Nikifika pale nitazima injini, nishike kasia. Abiria wakiuliza, nitasema imegoma."

Na tajiri akijua?

"Atanifukuza." Anafuta uso kwa kiganja kilicholowa. "Lakini siku nitakazokuwepo, nitapita taratibu, niiname, niseme: shikamoo mama, naomba njia."