Kalamu ya Moto ya Veijo Tiihonen

Veijo Tiihonen aliendesha gari la njano la posta katika kijiji chetu cha Lapinsalo mpaka alipostaafu, na hakuna aliyeyajua majina yetu kuliko yeye. Barua ikija na jina lililokosewa, hakuiacha kwenye sanduku la barabarani kama nyingine. Aliileta hadi mlangoni ili apate kusema, "Huyu binamu yako wa Helsinki hakupelekwa shule?" Alicheka, nasi tukacheka naye, ingawa wengine tulitamani angeiacha tu sandukuni.

Alipostaafu akawa mwandikaji wa vibao. Ukipita na mashua kando ya ziwa letu, karibu kila banda na kila sauna, yaani kibanda cha kuogea mvuke, ina jina lake mlangoni, na karibu majina yote ni kazi ya Veijo. Aliyachoma kwa kalamu aliyoiunda mwenyewe: waya mwembamba uliokunjwa nchani, nyuma yake transfoma ya treni ya kuchezea. Waya ulipowiva, aliandika nao kama anayeandika kwa wino, polepole, bila kuinua mkono, jina zima kwa pumzi moja.

Katika Kifini sauti ikivutwa, herufi huandikwa mara mbili, na ukiiandika mara moja umesema neno jingine. *Tuuli* ni upepo. *Tuli* ni moto. Nyumba ya Sylvi na mumewe Tauno Rissanen, iliyo kwenye rasi, imeitwa Tuulela, yaani kwenye upepo, tangu kwa babu zake Tauno.

Mwaka juzi, kabla barafu ya ziwa haijayeyuka, sauna ya Tuulela iliungua. Bomba la moshi lilikuwa na ufa. Hakuna aliyeumia, lakini Tauno alizaliwa humo, na mama yake alioshwa humo alipofariki. Sylvi alisimama kwenye theluji na soksi tu miguuni, hakuna aliyeweza kumwondoa. Tangu siku hiyo hakupenda kulisikia neno moto. Alisema "jiko limewashwa", au "kuna joto", lakini moto hakuutaja.

Kijiji kilijenga sauna mpya kwa msaragambo. Wengine walileta magogo, wengine misumari, wengine mikono yao tu. Veijo alisema mapema kabisa, "Kibao ni changu. Asiguse mtu mwingine."

Alichokuwa hajamwambia mtu ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulianza vuli, alipokuwa akimimina kahawa. Kwanza alidhani ni baridi. Kisha akawa anajaza kikombe nusu tu, na akialikwa mahali anasema tumbo halitaki kahawa. Mfini kukataa kahawa si jambo dogo, ila tuliamini ni tumbo. Majira ya baridi transfoma ile ikaungua, na Veijo, kama alivyokiri baadaye, alifurahi kidogo. Sasa alikuwa na sababu ya kununua kalamu nyingine.

Duka la vifaa liko mjini penye kanisa, na mwenye duka ni Aila, mama mkavu wa maneno. Alimwekea mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kama ile ya zamani, waya mwembamba na kisanduku cha kupandisha na kushusha joto. Ya pili ilikuwa nene kama bisibisi, ndani ya sanduku lenye vipande vingi vya kufunga mbele: ncha za kuchora, kisu cha kukatia kamba za nailoni, ncha ya kulehemia nyaya, na safu ya mihuri ya shaba yenye herufi zote na majani ya mapambo.

"Wewe ni mtu wa waya," Aila akasema. "Hii nene ukiishika, vidole viko mbali na ncha. Ni kama kuandika kwa fimbo."

"Lakini inafanya kazi nyingi."

"Inafanya nyingi, ndiyo. Hakuna inayoifanya vizuri sana. Kwani umeanza kulehemu nyaya, Veijo?"

"Ni ya mkwe wangu," Veijo akasema. "Ana mashua. Kamba zake zinafumuka."

"Basi mchukulie mkwe hii, na wewe chukua ya waya."

Veijo alikuwa ameishika ile ya waya, na ncha yake ilikuwa ikicheza hewani. Aliirudisha mezani haraka. "Nitatumia ya mkwe kwanza," akasema.

"Mkwe mwenye bahati," Aila akasema, akafunga sanduku.

Alichotaka ni ile mihuri. Muhuri hauhitaji mkono uliotulia. Unaukandamiza kwa mikono miwili, unaacha moshi utoke, unainua, na herufi iko pale, imenyooka kama ya kiwandani. Alipata ubao mweupe wa mti laini usiotoa utomvu, akapiga mstari mmoja wa penseli, akaanza.

Shida ya mihuri ni kwamba huwezi kubadilisha mmoja ukiwa wa moto. Unazima, unasubiri upoe, unafungua kwa koleo, unafunga mwingine, unasubiri upate joto. Veijo alipiga T, akasubiri. Akapiga U. Akazima, akaenda jikoni kunywa kahawa yake nusu kikombe, akasikiliza taarifa ya hali ya hewa. Aliporudi aliiona U pale imetulia, nzuri, bila doa. Akafungua muhuri wa U akafunga wa L. Mkono wake wa zamani, ule wa waya, ungeivuta ile sauti yenyewe, kwa sababu aliandika kama anavyotamka. Mihuri haitamki kitu. Ubao ulipoisha ulikuwa na nafasi upande wa kulia, akaijaza kwa tawi la msonobari alilolichora kwa muhuri wa majani, akaona limekaa vizuri kuliko alivyopanga.

Sauna ilizinduliwa Jumamosi moja ya kiangazi. Tulikuwa wote uani, soseji zinachomwa, Sylvi anagawa mikate ya iliki. Veijo alileta ubao umefungwa kwa kitambaa cha mezani. Tauno akaufungua, akaunyanyua juu ili tuuone, yeye mwenyewe akiwa nyuma yake.

Tulisoma.

"Mbona mmenyamaza?" Tauno akauliza. "Umeandikwa kinyume?"

Kyösti Vepsäläinen, ambaye ulimi wake haujawahi kumwomba ruhusa, akasema, "Tulela, kwenye moto. Veijo bwana, si umechelewa? Hilo tangazo lingefaa mwaka juzi."

Mtu mmoja alicheka puani kisha akajikohoza. Tauno aligeuza ubao akausoma, midomo yake ikisogea. Sylvi aliweka sinia ya mikate kwenye nyasi, si mezani, kwenye nyasi, akaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Uso wa Veijo ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hapo ndipo angesema samahani, nimekosea, na sote tungekula soseji. Badala yake akasema, "Ni kile kifaa. Mihuri ina kasoro. Hawakuweka U ya pili."

"Ulitaka U ngapi?" Kyösti akauliza. "Moja si unaipiga mara mbili?"

Sasa watu walicheka kweli. Hata Veijo alicheka, kicheko cha mtu anayetaka ardhi ipasuke immeze. Alichukua ubao kutoka mikononi mwa Tauno, akauweka kwapani na kusema atautengeneza. Kitambaa cha mezani alikisahau kwenye nyasi.

Baada ya hapo hatukumwona. Hakuja dukani, hakuja kanisani. Ubao ule aliupasua vipande vya kuwashia jiko, kisha akashindwa kuvichoma, akavirundika nyuma ya banda.

Kilichomsumbua, alisema baadaye, hakikuwa kosa tu. Ubao mpya ulikuwa tayari, mihuri ipo, saa moja ya kazi. Lakini alishasema mbele ya kijiji kizima kwamba mihuri ina kasoro. Akileta ubao wa mihuri wenye U mbili zilizonyooka, kila mtu atajua alidanganya, na Kyösti ataimba jambo hilo mpaka Krismasi. Akiandika kwa mkono, watauona mkono. Na asipoleta kitu, Tuulela itabaki haina jina, na Sylvi atakuwa na haki ya kutomsalimia tena maisha yake yote. Alijaribu kumwandikia Sylvi kadi ya kumwomba radhi. Maandishi yakatoka kama ya mtoto, akaichana.

Siku moja akafungua lile sanduku, akaacha mihuri, akafunga ncha nyembamba. Kweli ilikuwa kama kuandika kwa fimbo, Aila hakukosea. Aliegemeza kiwiko mezani, akashika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaandika jina lote. T ilipinda. U zote mbili zilikuwa na mawimbi. Mahali fulani ncha iliruka ikaacha doa jeusi kama inzi. Aliutazama ubao akauona mbaya kuliko wowote aliowahi kufanya. Hakuusugua kwa msasa.

Aliupeleka Jumatano mchana, akitumaini kumkuta Sylvi peke yake. Sylvi alikuwa nje ya sauna akining'iniza mataulo. Tauno alikuwa ndani anasugua sakafu.

"Nimeleta," Veijo akasema, akaukabidhi ubao bila kumtazama.

Sylvi alisoma. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, akipunguza mwendo kwenye U. Kisha akautazama mkono wa Veijo, ambao ulikuwa tayari umeingia mfukoni.

"Utoe," akasema.

"Hauna kitu."

"Utoe, Veijo."

Akautoa. Ulitetemeka mbele yake, mchana kweupe, na Veijo aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Toka lini?"

"Vuli."

"Kwa hiyo ile habari ya tumbo ilikuwa uongo. Na mihuri?"

"Mihuri ni mizima. Nilisahau tu. Nilikwenda kunywa kahawa nikasahau. Naona aibu, Sylvi. Kwa yote. Na kwa neno lile, kwenye mlango wako."

Sylvi hakusema haidhuru.

"Daktari amekuona?"

"Bado."

"Unamwonea aibu na daktari?"

Sylvi alichukua nyundo iliyokuwa kwenye ngazi na misumari midogo, akaweka miwili mdomoni.

"Shika," akasema kupitia misumari. "Juu ya mlango. Mikono miwili."

Veijo aliushika ubao ukutani. Lakini mkono ulikuwa mkono uleule, na ubao ukaanza kugonga gogo, ta-ta-ta-ta, kwa sauti iliyosikika vizuri mpaka ndani.

"Ingia!" Tauno akapaza sauti kutoka ndani. "Mlango uko wazi! Nani huyo anayebisha hodi kwenye sauna?"

"Ni Veijo," Sylvi akasema, akapigilia msumari wa kwanza.

Tauno akatoka na ndoo, miguu mitupu, akauona ubao, akawaona wote wawili, akafungua mdomo aseme kitu. Sylvi alimtazama. Tauno akaufunga mdomo, akaweka ndoo chini, akaushika ubao upande wa pili. Veijo hakuachia. Alisimama uso umemwiva, machozi yako karibu, akishikilia upande wake mpaka msumari wa mwisho ulipoingia.