Kisicho na Jina Ni cha Kuuza

Mji wa Lipa, huku Ufilipino, ukishalala, majogoo wakichoka kutukanana na yule jirani wa karaoke akishaukaba koo wimbo wake wa mwisho, hapo ndipo Anselmo anaanza kazi. Mafundi wengine wakianza kazi wanatafuta nyundo. Selmo anatafuta gauni.

Na gauni lenyewe si la kubembeleza macho. Jamaa ana kitambi cha mtu asiyekosa sherehe ya parokia yoyote, mikono imejaa makovu ya kuchomelea mageti, kazi yake ya zamani. Halafu anajivika gauni la maua juu ya fulana, anawasha ile taa ya duara, anabonyeza simu, yuko laivu.

"Haya wapendwa wangu! Wa Hong Kong, wa Kuwait, wa melini, mliokwisha kuwabembeleza mabosi wakalala, karibuni! Hii ni namba moja. Mimi nikiivaa naonekana pipa la maji lililofunikwa pazia. Sasa fikiria dada yako!"

Komenti zinamwagika. "Kuya, geuka tuone mgongo!" "Kuya Selmo, pipa limepungua, unakula kweli?" Kaka, ndivyo wanavyomwita, Kuya, hata wale waliomzidi umri. Anayetaka kitu anaandika "yangu" na namba, na wa kwanza ndiye mwenye mali. Mchana huwezi kuuza hivi. Wateja wake wote ni Wafilipino walio mbali, mayaya, manesi, mabaharia, na uhuru wao unaanza mtoto wa bosi akishafumba macho. Wananunua huko waliko, mzigo unapelekwa kwa ndugu zao huku nyumbani, kwa sababu siku ya kuzaliwa ya mtoto haisubiri meli.

Na kila usiku, kabla hajauza hata soksi, kuna moyo mmoja mwekundu unaopanda pembeni ya kioo. Mmoja tu. Huo ni wa Minda, mkewe. Anatuma moyo, ananyamaza, anaangalia mpaka usingizi umbebe. Selmo akiuona moyo ule sauti inapanda kama jogoo aliyeona kioo. Usipochelewa anatania. Ukichelewa anauza vibaya, anasahau bei, anaita viatu mabegi.

Luzviminda, ndiye huyo Minda, yuko Hong Kong, analea watoto wa watu. Alipokuwa anaondoka, pale uwanja wa ndege, walikubaliana neno moja: Selmo akipata biashara ya kulisha nyumba, Minda hasaini mkataba mwingine. Mkataba wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Biashara ikazaliwa, ikatambaa, ikasimama, na Selmo, kama baba yeyote mwenye mtoto wa kwanza, akawa haoni kingine. Kila Minda akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Ikue kidogo tu, mahal, mpenzi wangu. Kidogo tu."

Mwaka wa kwanza ule upande wa Minda kitandani ulikuwa mtakatifu. Selmo hata mguu hakuupitisha. Alilala pembeni kama mtu aliyekodi. Akawa anaongea na mto, msimcheke, na nyinyi mngeongea. Baadaye ukaja mfuko mmoja wa viatu, akauweka pale kwa usiku mmoja tu, maana sakafu ilikuwa na maji. Mfuko ukaita wenzake. Leo ule upande ni mlima wa mabegi, majinzi na mataulo, na akigeuka usingizini anakumbatia furushi.

Mzigo wenyewe mwingi unatoka kwa Minda. Anajaza boksi taratibu, miezi na miezi, kila akipata kitu cha bei nafuu anakisukumiza ndani, likijaa anafunga, linapanda meli. Na lina sheria yake. Chenye jina ni cha mwenye jina: kipande cha karatasi ya gundi, kalamu nyeusi, "Nanay," "Selmo, usimpe mtu." Kisicho na jina ni cha kuuza. Sheria hii aliitunga Minda mwenyewe, baada ya Selmo kuuza taulo jipya la mama mkwe wake, Nanay Pacita, na bibi huyo kumnunia tangu Kwaresima mpaka Krismasi.

Sasa sikia. Jumapili moja, siku ya mapumziko, Minda alipiga simu ya picha kutoka kule bustanini wanakokaa na wenzake juu ya makaratasi ya maboksi waliyotandika. Akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema, "Selmo, mimi nikirudi, nafasi ipo?"

Mwanaume mwenye akili hapo angejibu neno moja. Selmo ana mdomo. Akageuza simu akamwonyesha kitanda. "Nafasi? Angalia mwenyewe! Labda nikuweke kwenye rafu, nikubandike namba."

Wenzake Minda wakacheka nyuma. Minda naye akacheka. Lakini alicheka kwa meno tu, macho hayakuja. Akasema bosi ameshaweka karatasi ya mkataba mpya mezani, anataka jibu Jumapili ijayo. Selmo akasema, "Tutaongea." Ndiyo hivyo. Hawakuongea.

Katikati ya wiki boksi likafika. Nanay Pacita akalikata kwa kisu cha samaki, akatoa vyake vyenye jina, akanusa sabuni zake, akaenda kusali rozari. Vilivyobaki akamwachia Selmo. Na safari hii vilivyobaki vilikuwa vingi ajabu. Jina "Selmo" halikuwepo mahali popote.

"Amenisahau," Selmo akasema.

"Hujasahauliwa," Nanay akajibu toka chumbani. "Umechokwa."

Selmo akacheka, akachemsha kahawa ya barako nyeusi ya kuamsha maiti, akavaa gauni, akawasha taa. Moyo mwekundu ukapanda. Basi, usiku ule aliuza kama amepagawa!

Koti la bluu lenye kofia: likaondoka na baharia mmoja, Boying, aliyekuwa melini huko mbali, analitaka kwa ajili ya mkewe. Viatu vyeusi visivyo na kisigino: vikaondoka. "Vimevaliwa kidogo," Selmo akasema, "kwa hiyo vimeshajifunza kutembea, hutavifundisha!" Begi la mkononi lenye mkanda ulioshonwa upya: likaondoka. Blanketi jekundu, laini, limefuliwa mpaka limekuwa kama sikio la mbwa: hapo waligombana watu kumi, likaenda kwa yaya mmoja wa Kuwait anayeitwa Rosenda. Selmo akalinusa blanketi mbele ya kamera kwa mbwembwe. Akalinusa tena. Akasema, "Linanukia vizuri," kwa sauti isiyokuwa ya laivu, akaendelea.

Chini kabisa ya boksi akakuta chupa ya mafuta ya kuchua, yale ya kijani ya mgongo na magoti. Akaipandisha kwenye taa.

"Na hii jamani! Mke wangu sasa ananitumia nusu chupa! Nusu nyingine ameinywa? Nani anataka nusu..."

Komenti zikasimama. Kuya Selmo alikuwa hajawahi kuona komenti zikisimama, alidhani mtandao umekata. Halafu ikaingia moja, ya mama mmoja wa Hong Kong.

"Kuya. Hakuna mtu anayetuma nusu chupa."

Ikafuata nyingine. "Nusu chupa inatangulia, mwenyewe yuko nyuma."

"Kuya, lile koti lilikuwa limevaliwa."

"Viatu pia. Kuya, hivyo ni vya kwake."

"Mimi nilipofunga boksi la kurudi moja kwa moja nilifunga hivyo hivyo. Acha kuuza, Kuya!"

"Sasa mbona hakuandika jina?" akaandika mmoja, mgeni.

Akajibiwa na watu kama ishirini kwa mpigo: nani anaandika jina lake kwenye nguo zake?

Selmo alikuwa bado ameishika chupa juu. Akaangalia pembeni ya kioo kwenye orodha ya wanaotazama. Akashusha kwa kidole. Akapandisha. Minda hayumo. Alikuwepo. Ameona koti lake likiuzwa, viatu vyake vikitaniwa, blanketi lake likigombewa. Aliuliza nafasi ipo, na mumewe amemjibu mbele ya watu mia nne, kipande kwa kipande, kwa bei ya punguzo.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaandika ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mfupi akaufuta. Nanay Pacita akatokea mlangoni na rozari mkononi, akamkuta mkwewe amekaa sakafuni na gauni la maua, anafungua na kufunga kifuniko cha chupa, ananusa.

"Nani kafa?"

"Minda alikuwa anarudi, Nanay. Nimemuuza."

Bibi alipoelewa aliivaa rozari shingoni. Akasema, "Mimi taulo langu nilikununia miezi tisa. Hesabu yake huyu sijui utaimalizia kwenye kaburi la nani."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mdomo uliouzia ni wa nani?"

Usiku uliofuata Selmo alikwenda laivu bila gauni. Watu hawakumtambua mara moja, wengine waliuliza huyu fundi wa mabomba ni nani. Hakuwa na namba moja wala namba mbili. Aliegemeza simu kwenye rafu, kamera ikaangalia kitanda, akaanza kushusha ule mlima. Begi baada ya begi, furushi baada ya furushi, anabeba anatoa nje kwenye korido, anarudi, jasho linamchuruzika. Kitu chochote hakuuza. Watu wakawa wanaandika "yangu" kwa mazoea, wenzao wanawafokea wanyamaze.

Shuka likaonekana. Upande ule ulikuwa bado umebonyea kidogo, au labda ni furushi ndilo lililobonyeza, mwenye ndoa aamue mwenyewe. Selmo akaupiga kofi mto vumbi litoke. Akasogea kwenye simu.

"Jana niliuza vitu ambavyo si vyangu," akasema. Alitafuta utani wa kuendelezea, akaukosa. "Vya mke wangu. Nilisema biashara ikue ili arudi, halafu ikakua mpaka ikalala mahali pake. Bado viko hapa, lakini ni vyenu, mlishavinunua; nawaomba mnirudishie. Kila mtu nitampa vitu viwili vipya badala ya kimoja. Sina maneno mengine, na nyinyi mnajua mimi kukosa maneno ni ugonjwa."

Boying baharia akawa wa kwanza. "Kuya, mke wangu nimeshamwambia anapata koti la bluu. Sasa ataninunia kwa ajili yako. Lakini chukua. Mwambie mkeo alivae kwa afya."

Viatu vikarudi. Begi likarudi. Mwenye begi akaongezea komenti, "Hata hivyo huo mkanda ulikuwa umeshonwa vibaya," watu wakacheka, na Selmo akacheka naye akifuta jicho kwa kiganja kama mtu aliyeingiwa na cheche.

Rosenda wa Kuwait alichelewa. Alipojibu, hakuandika mengi. "Kuya, blanketi nimelinunua kwa ajili ya mama yangu. Anaumwa, na anasema anasikia baridi mimi nisipokuwepo. Nililiona lile jekundu nikajua linafanana na letu la zamani. Nisamehe. Hilo sirudishi."

Hakuna aliyemfokea. Selmo akaisoma kwa sauti, akaisoma tena kimoyomoyo. Akasema, "Dada Rosenda, usirudishe. Kesho nalipeleka mwenyewe kwa pikipiki, nimfunike." Akaangalia pembeni ya kioo. Moyo mwekundu hakuna. Akazima taa ya duara, na usiku ule akalala palepale pembeni pake pa mwaka wa kwanza, kitanda kitupu, mguu hakuupitisha.

Jumapili ikafika. Hakwenda misa, jambo ambalo Nanay alilitangaza barabara nzima. Alikaa na simu mapajani, chupa ya nusu dirishani, kahawa inapoa. Mkate wa pandesal wa asubuhi ulikuwa umekauka kabisa simu ilipoita.

Picha ikaja. Minda, bustani, makaratasi, wenzake nyuma wamenyamaza wote kama wako kanisani. Waliangaliana. Selmo, mwanaume anayeweza kuuza mwavuli jangwani, akanyoosha shati lake.

Minda ndiye aliyeanza. "Koti limerudi?"

"Limerudi. Nimelitundika."

"Viatu?"

"Viko mlangoni. Nimevielekeza ndani."

Minda akaangalia pembeni. Karatasi ya bosi ilikuwa mapajani pake, Selmo aliiona kona yake nyeupe ikipepea.

"Na blanketi langu?"

"Liko kwa mama yake Rosenda. Nilimfunika mwenyewe. Amelala nalo limefika shingoni."

Minda akaanza kuikunja ile karatasi ya mkataba, nusu, tena nusu, tena nusu, vidogo vidogo, kama anavyokunjaga nguo za kuweka boksini.

"Wewe mwanaume," akasema, "Desemba ya Lipa ina baridi. Sasa sisi tutajifunika nini?"

Na Selmo, mwenye mablanketi arobaini na kitu yamepangwa koridoni, ya kila rangi, ya kila bei, hakuweza kutaja hata namba moja.